Mnyama wa Betri Katika Wodi ya Watoto

Binti yangu alivunjika paja wiki ileile aliyojifungua mke wangu kwa operesheni, na ndiyo maana nikakaa hospitali mimi. Mpaka leo watu huniuliza ilikuwaje mwanamume mzima akashinda wodi ya watoto muda wote ule. Huwa nawajibu kwamba hakukuwa na mtu mwingine. Mama yangu miguu inamvimba, hata kanisani siku hizi anapelekwa kwa bodaboda. Dada zangu wameolewa mbali. Basi nikamwomba jirani awachukue ng'ombe awe anawakamua, nikafunga begi, nikashuka Moshi.

Sisi tunakaa juu kidogo ya Kwa Sadala, mahali ambapo udongo ukilowa unakuwa kama sabuni. Binti alikuwa na miaka saba. Alikuwa anatoka kwa bibi yake, amebeba majani ya migomba ya ng'ombe kichwani, akateleza, akaangukia ndani ya mfereji wa zamani wa mawe ambao tunapitishia maji ya shambani. Siku hiyo haukuwa na maji. Nilisikia wenzake wakipiga kelele, nikakimbia, nikakuta mguu umelala upande ambao mguu haulali.

Hospitalini walimfunga bandeji kuanzia kwenye kifundo hadi pajani, wakafunga na kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na chini yake wakaning'iniza mzigo. Daktari alinieleza kwamba uzito ule unauvuta mfupa ili uunge ukiwa umenyooka, na mtoto itabidi alale chali vilevile mpaka uunge.

"Wiki ngapi, daktari?"

"Baba, tusianze kuhesabu."

Sikuhesabu. Siku zenyewe zilifanana kiasi kwamba hata ningetaka ningepotea. Asubuhi nafika na uji. Manesi wanatutoa nje madaktari wakipita, tunakaa kwenye benchi la saruji, akina mama kumi na kitu na mimi. Tukirudi ndani namlisha, namfuta mwili kwa kitambaa, naleta bakuli la haja, namwaga, naosha, nafua, naanika uani. Akina mama wakinyonyesha natoka. Wakimaliza ninarudi. Mwanzoni walikuwa wananionea aibu, wakinyamaza nikiingia, baadaye wakanizoea, na manesi wakaanza kuniita "baba wa mguu." Nilikuwa nimezoea kuchoka kwa jembe, uchovu ambao ukilala unaisha. Ule wa kukaa kwenye kiti kando ya kitanda haukuisha kwa kulala.

Usiku wanaume hatukuruhusiwa wodini. Nilikuwa nalala Pasua, mtaa wa hapohapo Moshi, kwa binamu yangu, ambaye mke wake anapika maandazi na kuuza mbele ya nyumba. Usiku binti yangu aliangaliwa na mama wa kitanda cha jirani, mwanamke mmoja wa Kibosho, mpole, mwenye rozari mkononi kila wakati. Hatukupanga. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Nenda kapumzike baba, mimi si niko macho hata hivyo." Nami mchana nilimchotea maji ya moto na kumnunulia chakula, maana hakuweza kumwacha mtoto wake hata dakika moja.

Mtoto wake alikuwa wa kiume, mdogo kuliko wangu, moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alikuwa analia. Hakikuwa kilio cha mtoto kudeka; alilia kwa pumzi fupi fupi, anapumzika, anaanza tena. Binti yangu naye siku hizo za mwanzo alilia sana kwa maumivu, ikawa wanapokezana. Nesi mmoja kijana akachoka, akawaambia, "Jamani nyie wawili, mnyamaze basi, mtanitoa roho." Alisema kwa utani. Mimi mwenyewe nilicheka.

Asubuhi moja nilifika nikakuta kile kitanda kiko wazi, godoro limefutwa na bado linanukia dawa. Nesi alinivuta pembeni akaniambia mtoto alifariki alfajiri na ndugu zake wameshakuja wakamchukua mama yake. Niliingia ndani, nikamwekea binti uji. Hakuuliza kitu. Mtoto wa kitanda cha mlangoni ndiye aliyeuliza mwenzao yuko wapi, na mama yake akamjibu haraka haraka, "Amechukuliwa," kisha akamwambia ale.

Tangu siku ile binti yangu hakulia tena.

Sikuliona hilo kwa haraka. Manesi waliliona kabla yangu, wakamsifu. "Binti yako amekuwa jasiri, baba." Wakimfunga upya bandeji alikuwa anauma shuka na macho yamemtoka, lakini sauti hakuna. Ikafuata chakula. Alikuwa anakula vijiko viwili anafunga mdomo. Ikafuata maneno. Ukimuuliza anatikisa kichwa. Mama yake alikuwa anatutumia video za mtoto mchanga kwenye simu, naye alitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akageuzia uso ukutani. Mke wangu alikuwa ananipigia jioni akilia.

"Ananikasirikia? Anaona nimemwacha kwa sababu ya huyu mdogo?"

"Hapana, amechoka tu."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Hasemi."

Nilikuwa namjibu kwa ufupi, maana nilikuwa nimesimama kwa binamu uani, nimeshika ndoo, na sikuwa na nguvu za kumfariji mtu mwingine tena.

Ndipo akaja msichana mmoja na mnyama wake.

Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtoto wa watu wa hapahapa Moshi, anasalimia vizuri. Alinipa shikamoo, nikaitika, akanieleza kwamba wanajaribu roboti ya kuwaliwaza watoto waliolazwa muda mrefu. Kutoka kwenye kikapu chenye kifuniko akatoa kitu cha rangi ya maziwa, kikubwa kama paka aliyeshiba, kimefunikwa manyoya mafupi. Alipobonyeza tumboni, kikafungua macho. Ubavu ukawa unapanda na kushuka kama kinapumua. Ukikipapasa kinanung'unika kwa raha, kinageuza kichwa kukufuata. Ukikiacha kwa muda kinalalamika, sauti nyembamba, ya kuomba.

Watoto walishikwa na wazimu. Wa mlangoni alisema ni sungura. Mwingine akasema sungura gani hana masikio, huyo ni mwanakondoo. Kijana mmoja aliyevunjika mkono, anatoka juu karibu na msitu, akasema nyinyi hamjui kitu, huyo ni pimbi, wale wanaopiga kelele mitini usiku. Basi akawa pimbi. Mtoto mmoja mdogo alimwogopa kabisa, alijificha kifuani kwa mama yake akapiga mayowe, na mama yake akasema waziwazi kwamba hataki kile kitu kisogee kitandani kwake, hajui kinatumia nguvu gani.

"Ni betri, mama," msichana akasema. "Naichaji nyumbani kama simu."

"Chaji tu. Hapa usilete."

Hakuleta. Wenye vidonda vibichi nao hakuwapa. Kila mtoto akimaliza zamu, alimfuta yule mnyama kwa spiriti, manyoya yote, akangoja akauke, ndipo ampeleke kwa mwingine. Alifanya hivyo kitanda kwa kitanda, mgongo umepinda, na nilipomtazama niliona kumbe naye amechoka kama sisi.

Binti yangu alipowekewa alimtazama mara moja, akafumba macho. Msichana hakumlazimisha. Alikaa kidogo, akaondoka. Kesho yake vilevile. Mimi nilishaamua moyoni kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Sisi tunatafuta bandeji na kitanda cha usiku, wao wanatuletea midoli inayopumua. Sikusema, lakini nadhani usoni ilionekana, maana msichana aliniambia, "Baba, asipotaka hatutamsumbua. Nijaribu mara moja tu."

Mara hiyo alimweka mnyama kifuani kwa binti akaenda kumhudumia mtoto mwingine. Nami nikatoka kwenda kuanua nguo uani.

Niliporudi nilipitia mlango wa nyuma, ule ulio upande wa kichwa cha kitanda chake, kwa hiyo hakuniona. Alikuwa ameacha kumpapasa na yule mnyama alikuwa ameanza kulalamika. Binti yangu alimziba mdomo kwa kiganja.

"Shii," akasema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika. "Nyamaza. Hapa ukilia unachukuliwa."

Mnyama hakunyamaza, maana hajui. Akaendelea kulalamika chini ya kiganja.

"Yule alikuwa analia. Nesi akamwambia anyamaze, hakunyamaza, wakaja watu usiku wakamfunika na shuka wakamchukua. Mama yake aliwaomba. Wakamchukua tu." Akamvuta mnyama chini ya kidevu chake, akamfunika na khanga. "Mimi nilikuwa macho. Mimi silii. Na wewe usilie."

Nilisimama pale na nguo mkononi. Nakumbuka shati lake moja lilikuwa bado bichi, maji yakinidondokea kwenye kiatu, na sikulisogeza.

Niliwafuata msichana na nesi mkuu wa zamu, mama mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, nikawasimulia. Msichana alijishika mdomo. Nilidhani atafurahi kwamba mnyama wake amefanya kazi, lakini macho yalimjaa maji.

"Baba, mtu lazima amwambie. Mimi siwezi, mimi ni mgeni kwake."

"Nimwambie nini? Kwamba mwenzake amelala?"

"Usimwambie amelala," nesi akasema. "Kesho ataogopa kulala. Mwambie amekufa. Kisha umwambie alikuwa na ugonjwa gani na yeye ana ugonjwa gani, aone si kitu kimoja."

"Mtoto wa miaka saba, sista."

"Alimwona akibebwa, baba. Ameshajua zaidi yako."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anapanga sindano kwenye sinia huku akiongea. Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba atazungumza na vijana wake kuhusu kuwaambia watoto wanyamaze.

Nilingoja mpaka wageni wa mchana wakaondoka na wodi ikatulia. Nikavuta kiti. Mnyama alikuwa bado chini ya khanga, anapumua. Kwa kweli nilitamani mtu mwingine aje afanye kazi ile. Nilitamani mke wangu awepo, yeye anajua kusema na watoto. Mimi maneno yangu mengi kwa binti yangu yalikuwa lete maji, umekula, vaa sweta.

"Yule mwenzako wa hapa," nikaanza, "alikufa."

Akanitazama. Kwa siku nyingi hakuwa amenitazama hivyo.

"Hakuchukuliwa kwa sababu alilia. Alikuwa na moyo mgonjwa tangu azaliwe. Ukachoka, ukasimama. Wale watu waliokuja ni wafanyakazi wa hapa, walimfunika kwa heshima. Wangefanya hivyohivyo hata kama asingelia kabisa."

"Kwa nini alikuwa analia?"

"Alikuwa anaumwa."

"Na mimi moyo wangu?"

"Wako mzima. Wewe umevunjika mfupa. Mfupa unaunga."

Akafikiri. Mnyama akageuza kichwa, yeye hakumjali.

"Nikilia?"

"Ukilia tunajua unaumwa. Nesi analeta dawa."

"Na usiku? Usiku wewe haupo."

Ningeweza kusema manesi wapo, lakini usiku ule manesi walikuwepo pia. Nikamwambia ni kweli, usiku sipo, hawaniruhusu, na kwamba nitatafuta mtu wake wa usiku, wake peke yake. Nikamwambia naapa. Sikujua bado nitampata wapi.

Ndipo akaanza kulia. Ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nzito, kama ya mtu mkubwa. Mnyama kwa sababu ya kutikiswa akaanza naye kulalamika, na binti yangu akasema, "Mwondoe." Nikamwondoa, nikamweka juu ya kabati dogo. Nikainama juu ya kitanda vibaya, maana ule mguu na kamba zake haukuniruhusu kumbeba, nikaweka kichwa changu karibu na chake, na yeye akanishika masikio kwa mikono miwili akalia ndani ya shingo yangu. Mgongo wangu uliuma, nikauacha uendelee kuuma. Alilia mchana wote uliobaki. Nesi alipita, akaangalia, akaleta dawa ya maumivu bila kuulizwa, akaenda zake.

Jioni nilifika Pasua nikamkuta mke wa binamu yangu anakanda unga wa kesho. Nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuniacha nimalize.

"Nitakuwa naenda kulala naye mimi," akasema. "Unga nitakanda mapema."

"Shemeji, na asubuhi unawahi jiko."

"Nitasinzia kwenye jiko basi. Si ni usiku tu."

Akawa anakwenda. Alfajiri tulipishana kwenye geti la hospitali, yeye anatoka na macho mekundu, mimi naingia na chupa ya uji, tunasalimiana kwa kuinua mikono kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya maneno. Nilimwona akipungua mwili. Binamu yangu hakulalamika hata siku moja, ingawa najua maandazi ya siku hizo yalikuwa magumu na wateja walisema.

Nisidanganye kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Mtoto aliyekuwa kimya sasa alikuwa na madai kutwa nzima. Mgongo unawasha. Uji una mapande. Anataka mama. Anataka kumwona mdogo wake siyo kwenye simu. Analia akifungwa bandeji, analia akifunguliwa. Nesi yule kijana, ambaye sasa alikuwa anaongea naye kwa upole wa kujifunza, aliniambia siku moja huku akicheka kwamba afadhali zamani. Lakini akawa anakula. Alimaliza sahani ya ndizi nyama mbele yangu, akauliza kama ipo nyingine, nami nikatoka nje nikampigia mke wangu kumwambia habari ya ndizi, nikashindwa kuongea, yeye akawa anasema "Halo? Halo?" mpaka salio likaisha.

Yule mnyama aliendelea kuja. Binti yangu alimpokea zamu yake kama wengine, akampapasa, akampisha. Hakumwambia tena siri, au kama alimwambia, mimi sikusikia. Aliyemshikilia zaidi alikuwa yule kijana wa kutoka karibu na msitu, ambaye kumbe alikuwa hapati mgeni hata mmoja. Halafu betri ikaanza kuchoka. Mnyama alikuwa anafungua jicho moja, anapumua mara mbili tatu, anatulia. Msichana alisema betri ya aina ile haipatikani hapa nchini, wameandika kuomba nyingine. Alikuwa anambeba kwenye kikapu namna watu wanavyobeba kuku mgonjwa. Siku za mwisho alikuja bila kikapu, akawa anakaa tu vitandani na watoto, anachora nao. Wengi hawakuuliza mnyama yuko wapi.

Karibu na kuruhusiwa kwetu alinikalisha kwenye benchi la nje akaniuliza maswali ya masomo yake. La mwisho lilikuwa, "Kwa maoni yako baba, mnyama alimsaidia?"

Nilimwambia kwamba siwezi kusema alimliwaza, maana siku aliyolia kweli, binti alisema mnyama aondolewe. Ila alimwambia mnyama jambo ambalo hakutuambia sisi. Sisi angetuambia, tungemjibu kabla hajamaliza. Tungesema usiseme hivyo, mbona unawaza mabaya. Yule mnyama hakujua kujibu.

Msichana aliandika kidogo, akaacha.

"Na wewe je, baba? Nani alikuwa anakuangalia wewe?"

Nikacheka, nikamwambia hilo silo swali la roboti. Lakini njia nzima kwenda dukani kununua sabuni nililiwaza.

Tulirudi nyumbani kwa gari la jirani, mguu ukiwa ndani ya plasta ngumu, umenyooshwa kwenye kiti cha nyuma juu ya mapaja yangu. Mama yangu alikuwa amepika mtori wa ndizi na nyama na kukaa nao kwenye sufuria tangu asubuhi. Mke wangu alitoka na mtoto mchanga, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa, akampa mdogo amshike wakiwa bado ndani ya gari, mlango wazi, mvua ikianza kudondoka, na hakuna aliyetaka kusogea. Mimi niliketi kwenye ngazi ya mlango nivue viatu. Nilivua kimoja. Mama yangu ndiye aliyeniamsha, giza linaingia, akaniambia jirani ameleta ng'ombe na wanataka majani.

Sasa binti yuko darasa la sita. Mguu uliunga, ila ukawa mfupi kidogo kuliko mwenzake; fundi viatu wa Moshi humwongezea soli upande mmoja, na akikua inabidi turudi kwake. Akitembea barabara ya lami huwezi kujua. Akipanda huku kwetu mlimani anachechemea, hataki kushikwa mkono. Daktari amesema akimaliza kurefuka wataupima tena ndipo waamue. Kila tukienda kliniki wanasema bado anarefuka. Basi tunakwenda, tunapanga foleni, tunarudi.